Motokaa ya Zamani na Habari za Ukaguzi Wake

Katika nchi ya Uingereza wako watu wengi wapendao motokaa za zamani. Mmoja hutafuta Morris Minor, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948 na ambayo wazee wengi wa Kenya waikumbuka. Mwingine hutaka Ford Escort, ya jamii ile iliyoshinda mashindano ya Safari miaka ya 1972 na 1977. Na mwingine haridhiki mpaka apate Land Rover ya mwanzo. Bei yake si haba, na mara nyingi fedha zinazotolewa ni akiba ya miaka mingi. Walakini rangi mpya yaweza kupakwa kwa siku chache tu, na chuma kilicholiwa na kutu chini ya rangi hiyo hakiponi kwa kufunikwa. Mnunuzi asiyeuliza habari za nyuma huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bahati njema ni kwamba habari hizo zimeandikwa. Serikali ya Uingereza ilianza kukagua motokaa za watu mwaka 1960. Wakati huo zilizopaswa kukaguliwa ni zile zilizotimiza miaka kumi, na wakaguzi walitazama breki, taa na usukani. Mwaka 1967 umri huo ulishushwa ukawa miaka mitatu, na mambo ya kukaguliwa yakazidi kuongezwa baadaye. Ukaguzi huo hufanywa kila mwaka, na huitwa MOT, kwa herufi za kwanza za jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi ya siku zile. Zamani cheti kilikuwa karatasi tu, na karatasi hupotea au huliwa na panya. Lakini tangu mwaka 2005 matokeo ya Uingereza bara, yaani England, Scotland na Wales, yamehifadhiwa katika mitambo ya kompyuta. Yeyote aliye na namba ya motokaa aweza kuyasoma katika mtandao wa Serikali bila kulipa hata peni moja, wala hana haja ya kumwomba mwenye gari ruhusa.

Kusoma ni rahisi. Kuelewa ndiko kunakohitaji subira. Kila ukaguzi una tarehe, idadi ya maili, matokeo yake, sababu za kukataliwa kama gari lilikataliwa, na maonyo ya mkaguzi juu ya mambo ambayo hayajawa mabaya lakini yako njiani kuwa mabaya. Maonyo hayo ndiyo yenye faida kubwa, nayo ndiyo wanunuzi wengi huyaruka. Tuseme mkaguzi aliandika mwaka mmoja kwamba kingo za chini ya milango zina kutu kidogo. Mwaka uliofuata onyo likarudi. Mwaka wa tatu gari likakataliwa kwa sababu ya kutu iyo hiyo, kisha baada ya siku mbili likapita. Hapo mnunuzi hana budi kuuliza ni nani aliyelitengeneza kwa siku mbili, na kwa namna gani. Je, chuma kibovu kilikatwa na kipya kuchomelewa, au kiraka kilibandikwa juu na kupakwa lami nzito nyeusi? Katika Morris Minor swali hilo si dogo, maana gari hilo halina fremu ya peke yake, na kingo hizo ni sehemu ya mifupa yake.

Kukataliwa peke yake si aibu. Motokaa iliyokataliwa, ikatengenezwa, na onyo lile lisionekane tena miaka inayofuata, huenda ikawa na mwenyewe mwangalifu kuliko ile iliyopita kila mwaka bila neno lolote. Gari la miaka hamsini lisilo na onyo hata moja ni jambo la kutiliwa shaka kidogo.

Maili nazo zina hadithi yake. Hesabu ikishuka ghafula, watu husema mara moja kwamba muuzaji ni mwongo. Huenda ikawa kweli, lakini magari mengi ya zamani yana saa ya maili yenye tarakimu tano tu, nayo ikifika 99,999 hurudi mwanzo. Tena saa yaweza kuwa ilivunjika ikawekwa nyingine. Muuzaji mkweli atakuwa na stakabadhi za kuthibitisha. Kadhalika kama gari limekwenda maili ishirini tu kwa mwaka, mnunuzi asifurahi upesi. Gari lililolala sana hupata mipira iliyopasuka ubavuni na breki zilizokwama, kama vile jembe lisilolimiwa lishikavyo kutu.

Tena liko shimo ambalo wengi hutumbukia. Tangu tarehe 20 Mei 2018 sheria ya Uingereza imeziachilia motokaa zilizopita miaka arobaini zisikaguliwe, ila zile zilizobadilishwa sana. Zile zilizotengenezwa kabla ya 1960 ziliachiliwa mapema zaidi, mwaka 2012. Basi Morris Minor ya mwaka 1968 yaweza kuwa na habari safi kutoka 2005 hadi 2018, kisha kimya. Muuzaji atasema, "Tazama, haina kosa." Ni kweli hakuna kosa lililoandikwa, lakini hakuna aliyeitazama pia. Kutu haikuachiliwa na sheria. Mwenye gari bado ana wajibu wa kuhakikisha kwamba lafaa kwenda barabarani, na anaruhusiwa kulipeleka kukaguliwa kwa hiari yake. Aliyefanya hivyo kila mwaka ingawa halazimishwi, huyo ni mtu wa kununua kwake.

Hata ukaguzi wa jana una mipaka. Mkaguzi hafungui gari vipande vipande, wala hapimi ubora wa injini, klachi au giaboksi. Hutazama yanayohusu usalama na moshi, siku ile tu. Kiungo cha gurudumu la mbele la Morris Minor kinahitaji grisi mara kwa mara, na kikikosa grisi muda mrefu huweza kuachana, gurudumu likajikunja chini ya gari likiwa mwendoni. Wenye watoto ndani ya gari wana haki ya kujua ni lini kilitiwa grisi mara ya mwisho.

Kwa hiyo baada ya kusoma yote, mnunuzi mwerevu hulinganisha namba ya chesisi na ile iliyo katika hati ya usajili, akikumbuka kwamba katika Uingereza hati hiyo haithibitishi kwamba aliyeishika ndiye mwenye mali. Kisha humwomba muuzaji gari lipelekwe kwenye kituo cha ukaguzi kabla ya fedha kutolewa, ada akailipa yeye mnunuzi. Ada ya juu kabisa ya motokaa ni pauni 54 na peni 85. Muuzaji akikubali, mazungumzo ya bei na yaendelee. Akikataa, au akidai kwamba yuko mnunuzi mwingine njiani mwenye fedha mkononi, basi huyo mwingine na aachiwe.