Mafua, presha na chumvi ya kwenye glasi
Smithfield, magharibi mwa Sydney, Julai ni katikati ya majira ya baridi, na mafua hupita nyumba hadi nyumba. Mwenye ugonjwa wa moyo huyaogopa mafua yenyewe. Angepaswa kuitazama pia dawa anayoinunua.

Pua huziba kwa kuwa mishipa yake midogo ya damu imetanuka na nyama za ndani zimevimba. Pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, huibana mishipa hiyo, ila haichagui: hubana na ya kwingine mwilini, moyo ukasukuma damu kwa kazi zaidi. Kwa wengi presha hupanda kidogo tu, lakini mwenye presha isiyotulia hana sababu ya kubahatisha. Australia iliiweka nyuma ya kaunta ya mfamasia mwaka 2006, si kwa kuuhurumia moyo, bali kwa kuwa wahalifu waliigeuza kuwa methamfetamini, dawa ya kulevya. Kwenye rafu ikabaki fenilefrini, nayo ya kuzibua pua. Septemba 2023, washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikubaliana wote kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua kupita kidonge kisicho na dawa. Kuinunua ni kutupa pesa.

Linalonishangaza zaidi ni vidonge vya parasetamoli vinavyotoa povu majini. Baadhi yake vina sodiamu karibu miligramu 400 kila kimoja. Ukinywa vinane kwa siku umevuka miligramu 3,000, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000, chakula chote kikiwemo! Mgonjwa aliyeacha chumvi mezani anainywa kwenye glasi. Sodiamu huvuta maji, damu huongezeka ujazo, presha hupanda. Parasetamoli ya kawaida ya kumeza haina mzigo huo.

Ibuprofeni, dawa ya maumivu, nayo huzuia chumvi na maji kutoka. Ikikutana na dawa ya presha iitwayo ramiprili pamoja na dawa ya kukojosha, figo huweza kuelemewa.

Maji ya chumvi ya kusafishia pua hayana neno, maana hutoka yalikoingia. Kujifukiza hakudhuru presha, ingawa sufuria likipinduka huunguza. Dawa za presha ziendelee. Mwenye kuharisha au kutapika amuulize daktari mapema kuhusu dawa hizo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, piga 000.

Kwa mfamasia, taja dawa zako zote. Kiingereza kikigoma, mwombe apige 131 450, apatiwe mkalimani wa Kiswahili kwenye simu.