Minyoo wa Udongo na Mizizi ya Nyanya

Mkulima wa nyanya aonapo mimea yake ikinyauka adhuhuri ilhali udongo una maji, aghalabu hudhani kwamba shamba lina njaa. Hununua mbolea, huitia, na mavuno hayaongezeki. Yampasa kwanza ang'oe mmea mmoja taratibu kwa jembe, wala asiuvute, apate kuitazama mizizi yake. Ikiwa imevimba vinundu kama shanga, adui ni mnyoo mdogo sana ambaye wataalamu humwita nematodi.

Vinundu hivyo visichanganywe na vile vya maharagwe, ambavyo vina faida. Kinundu chema hushikamana na ubavu wa mzizi, nacho hubanduka kwa kidole. Kinundu cha mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hakibanduki isipokuwa mzizi ukatike.

Mnyoo huyu akitoka katika yai hafiki nusu ya milimita. Husafiri katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, na hapo ndipo ilipo siri ya mambo yote. Katika udongo wa kichanga nafasi kati ya chembe ni pana, naye hupita bila kizuizi. Katika udongo mzito wa mfinyanzi nafasi hizo ni finyu, tena zikijaa maji hewa hukosekana. Udongo wenye unyevu wa kiasi na joto la digrii 25 hadi 30 za Celsius humfaa mno: jike hutaga mamia ya mayai, na kizazi kipya hukomaa kwa majuma 3 au 4 hivi. Kichanga kina dhara la pili. Hakihifadhi maji, basi mzizi ulioharibika hauna akiba ya kunywa. Ndiyo sababu mashamba mawili yaweza kuwa na minyoo sawasawa, moja likavunwa na jingine likafa.

Samadi iliyooza haiwamalizi minyoo, lakini hushika maji, na hulisha kuvu na viumbe wengine wanaowala minyoo na mayai yao.

Kubadilisha mimea nako kwataka akili. Anayeondoa nyanya akapanda biringani, bamia au viazi amewaandalia minyoo karamu nyingine. Mahindi yaweza kuwalisha bila kuonyesha ugonjwa, na mnavu unaoota ovyo huwatunza vilevile. Wakulima wa tumbaku wa Zimbabwe walipata nafuu kwa kupanda nyasi za Rhodes za aina ya Katambora kwa miaka kadhaa kabla ya kurudisha tumbaku. Marejea pia husaidia kuwapunguza.

Zaidi ya yote, kitalu kichunguzwe. Mche wenye vinundu huwapeleka minyoo katika shamba safi, na udongo ulioganda kwenye jembe la kuazima hufanya vivyo hivyo. Baada ya mavuno mizizi isiachwe ardhini, kwa kuwa mayai yamo ndani yake. Ing'olewe yote, ianikwe juani hata ikauke, kisha ichomwe moto.