Kupona kwa Ardhi Iliyochimbwa

Mtu akijikata kwa shoka, jeraha huanza kufunga juu upesi. Lakini mganga mwenye akili haridhiki kwa kuona ngozi mpya. Hubonyeza, atazame kama ndani mna usaha, ndipo aseme kuwa mgonjwa amepona au bado. Ardhi iliyochimbwa ni vivyo hivyo. Kuona majani mabichi si ushahidi wa kupona, yapasa kupima.

Mfano mwema uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Huko kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, na mawe ya matumbawe yakachimbwa mpaka karibu na maji ya chini. Palibaki uwanja mweupe usio na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti pale. Alijaribu miti ya namna 26. Iliyostahimili ni namna 3 tu: mnazi, mvinje, na mti mmoja wenye asili ya Somalia.

Mvinje ndio uliofaa kupita yote, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyotwaa naitrojeni katika hewa na kuulisha mti. Ila majani yake makavu yalilala juu ya mwamba bila kuoza. Kisha ikaonekana kuwa jongoo wakubwa wenye miguu myekundu huyala. Basi wakakusanywa wengi, wakaletwa machimboni. Wakayatafuna, na mavi yao yakawa mboji. Katika mboji hiyo mbegu nyingine zikaweza kuota.

Je, mpimaji hujuaje kuwa ardhi ya namna hii inapona kweli? Kazi yake ina sehemu tatu.

Kwanza, hupima ni kiasi gani cha ardhi kimefunikwa. Hutandaza kamba ya meta 30 yenye alama kila nusu meta, yaani alama 60, akatazama chini ya kila alama kama pana mmea au pa tupu. Alama 45 zikiangukia mimea, basi sehemu 75 katika kila 100 zimefunikwa.

Pili, huhesabu namna za mimea. Huweka chini kiunzi cha mbao, kila upande meta 1, mahali mbalimbali pasipo kuchagua. Maana mwenye kuchagua hupenda palipo pazuri, na hesabu yake huwa ya uongo. Ndani ya kiunzi kila mche huandikwa kwa jina lake. Shamba la mivinje mitupu laweza kuwa kijani lote, kisha likaangamizwa na ugonjwa mmoja. Lakini miche ya namna nyingi iliyoota yenyewe yaonyesha kuwa msitu umeanza kujizaa.

Tatu, hupima unene wa mashina kwa ukanda, na kina cha mboji kwa rula.

Siku hizi vyombo vinavyoizunguka dunia hupima pia kutoka juu. Majani yenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Kwa tofauti hiyo kijani hujulikana. Lakini chombo hicho huona vilele vya miti, wala hakihesabu miche iliyo kivulini. Kwa hiyo kazi ya miguu na kamba haijakoma.

Hesabu zote hulinganishwa na za msitu wa jirani ambao haukuchimbwa, tena hurudiwa mahali palepale, mwezi uleule, kila mwaka. Anayepima baada ya masika mwaka huu, na wakati wa kiangazi mwaka ujao, amepima mvua, hakupima msitu.

Ardhi ikitangazwa kuwa imepona kabla ya wakati wake, walinzi huondoka, mifugo huingia ikala miche, na mvua huchukua mboji kidogo iliyopatikana kwa taabu ya miaka mingi. Mwamba hubaki mtupu tena. Ndiyo sababu daftari la mpimaji lina kazi kubwa kama jembe la mpandaji.