Milisekunde Kumi Si Dawa

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Kijana ameandika draiva ya Linux. Mashine inaganda mara moja kwa siku, wakati mwingine mara mbili. Anaweka msleep(10), yaani usingizi wa milisekunde kumi, juu ya mstari anaoushuku, na mashine inaacha kuganda. Ndipo anapouliza: kama inafanya kazi, kuna ubaya gani kuuacha mstari huo?

Ubaya upo, na wanaokagua viraka vya kerneli wamechoka kuueleza. Anayeuliza hivyo ameichukua methali ya haraka haraka haina baraka akaifanya kanuni ya uhandisi, kana kwamba nyuzi (threads) mbili zinazogombea data moja zitapatana uzi mmoja ukipunguza mwendo. Hazipatani. Kilichobadilika ni saa ya kugongana tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mizunguko milioni 30 katika milisekunde 10. Mgongano wenyewe hauhitaji hata mia. Kuongeza moja kwenye kihesabio ni hatua tatu: kusoma, kuongeza, kuandika. Uzi wa kwanza ukisoma 7, na wa pili ukasoma 7 kabla wa kwanza haujaandika, wote wataandika 8, na hesabu moja imepotea bila kelele. Kuchelewesha uzi mmoja hakuzifungi hatua hizo tatu ziwe moja. Kunazisogeza mbali na zile zilizozigonga jana, pengine karibu na zitakazozigonga kesho.

Kosa linaloonekana zaidi ni la draiva inayosubiri kazi ya nyuma iishe ndipo iachie kumbukumbu. Kwenye kompyuta ya mwandishi kazi hiyo huchukua milisekunde 2, kwa hiyo 10 zinaonekana ni nyingi hata za kubaki. Kisha draiva inapelekwa kwenye seva yenye mzigo mzito, au kwenye mashine pepe ambayo mwenyeji wake ameisimamisha kidogo kuhudumia wengine. Kazi ya nyuma inachelewa nusu sekunde. Kumbukumbu imeshaachiwa na imeshapewa mwingine; kazi inaamka na kuandika ndani ya nyumba ya watu. Kerneli inaanguka mahali pengine kabisa, saa nyingine kabisa, na draiva ya mtu asiyehusika ndiyo inayolaumiwa.

Jibu halisi lilikuwepo siku zote: cancel_work_sync, au wait_for_completion. Vyote viwili husubiri tukio. msleep husubiri saa, na saa haijui kazi imeishia wapi.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuiweka msleep hiyo ndani ya eneo linalolindwa na spinlock. Hapo dawa yenyewe inaua. Uzi unaolala huku umeshika kufuli ya aina hiyo unaachia prosesa bila kuachia kufuli. Uzi mwingine unakuja, unaitaka kufuli ile ile, unaanza kuzunguka ukisubiri, na kwenye mashine ya prosesa moja ule wa kwanza hautapata tena nafasi ya kuamka. Kerneli yenye ukaguzi huchapisha "BUG: scheduling while atomic". Wapo wanaouona ujumbe huo na kuutafutia njia ya kuunyamazisha.

Wengine husema nafasi ya mgongano ni ndogo mno, haitatokea kwa mteja. Hao waiangalie Dirty COW, CVE-2016-5195. Kasoro hiyo ilikaa katika Linux tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007 hadi Oktoba 2016, na simu za Android zilikuwa nayo pia. Uzi mmoja uliandika kupitia /proc/self/mem kwenye faili lililoruhusiwa kusomwa tu. Wa pili uliita madvise mfululizo, ukiiambia kerneli itupe nakala ya ukurasa. Kerneli ilikuwa katikati ya kumtengenezea mwandishi nakala yake binafsi. Ikanyang'anywa nakala hiyo mkononi, ikarudi, ikaandika kwenye ukurasa halisi. Nafasi ilikuwa finyu kweli. Mshambuliaji hakujali ufinyu huo, kwa sababu alirudia maelfu ya mara mpaka akaipata, na mtumiaji wa kawaida akawa mwenye mamlaka yote ya mashine.

Linus Torvalds mwenyewe, katika maelezo ya kiraka kilichoiziba, alikiri kwamba alijaribu kuitibu miaka 11 kabla, rekebisho likaondolewa kwa matatizo ya mashine za s390, na kwamba mgongano uliokuwa wa nadharia tu wakati ule ulikuwa umegeuka kuwa rahisi kuufikia. Hata kiraka cha 2016 hakikutosha: mwaka 2017 ikabainika kwamba kurasa kubwa za kumbukumbu bado zina mwanya, nao ukapewa namba CVE-2017-1000405. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Cha ajabu, kuchelewesha kuna kazi halali, nayo ni kinyume cha ile inayodaiwa. KCSAN, kifaa kilichoingia kwenye kerneli toleo 5.8 mwaka 2020, huchagua baadhi ya miguso ya kumbukumbu, huisimamisha kwa makusudi mikrosekunde 80, kisha hutazama kama kuna uzi mwingine umegusa pale pale. Yaani huupanua mwanya ili mgongano ujitokeze. Ucheleweshaji ni kipimo cha maabara. Anayeutumia kama tiba anakunywa kipimo.

Tiba nyingine ya kubahatisha ni kufuli moja kubwa juu ya kila kitu. Linux ilianza hivyo katika toleo 2.0 mwaka 1996, na kuing'oa kufuli hiyo kukachukua miaka 15, hadi toleo 2.6.39 mwaka 2011. Asianze mtu upya safari hiyo.

Basi cha kufanya, kwa kifupi. Kufuli hulinda data, hailindi mistari ya programu. Kando ya kila kigezo cha pamoja iandikwe ni kufuli gani inakilinda. Data ikiguswa pia na kishughulikia interapti, tumia spin_lock_irqsave. Kama kuna kulala ndani, tumia mutex. Kihesabio cha marejeo ni refcount_t. Data inayosomwa sana na kubadilishwa mara chache, tumia mbinu ya RCU. Neno volatile halifungi chochote.

Kuhusu mkwamo, yaani uzi mmoja umeshika kufuli A unasubiri B na mwingine umeshika B unasubiri A, tiba ni mpangilio mmoja wa kushika kufuli unaofuatwa na wote. Kerneli inapohamisha faili kati ya folda mbili hufanya hivyo hivyo: folda moja ikiwa ndani ya nyingine, ile ya juu kwenye mti hufungwa kwanza, kisha iliyo chini yake. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING ili lockdep, kazi ya Ingo Molnar ya mwaka 2006, ikague mpangilio huo. Haisubiri mashine igande. Ikiuona mpangilio wa A kisha B mara moja, na B kisha A mara moja, hata kwa siku tofauti, inapiga kelele. Kisha jaribu kwenye mashine pepe ya QEMU yenye prosesa nyingi, ukiisukuma kwa kifaa cha majaribio cha syzkaller usiku kucha.

Na kiraka chenye msleep kikifika mezani, mkaguzi aulize jambo moja: ni tukio gani linasubiriwa hapa? Mwandishi akijibu kwa idadi ya milisekunde, kiraka kirudishwe.