Majivu ya pumba: bidhaa mpya kwa wenye mashine za mpunga?

NGOKOLO, Shinyanga – Kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba ni mzigo wa kutupa au wa kuwauzia wachoma matofali. Hesabu inaonyesha kuwa zaweza kuingia katika biashara ya saruji, hasa kwa wateja wanaojenga matenki ya uchenjuaji dhahabu upande wa Kahama na Geita.

Tani 1 ya mpunga hutoa kiasi cha kilo 200 za pumba. Zikichomwa, hubaki kilo 40 hivi za majivu. Kwa hiyo tani 10 za mpunga hutoa kilo 400, sawa na uzito wa mifuko 8 ya saruji. Yakisagwa laini, majivu hayo hushika nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji katika zege.

Faida si bei peke yake. Majivu yana silika, ambayo huungana na chokaa inayotoka katika saruji na kuziba vitundu vidogo, hivyo zege hupitisha maji kidogo. Mchenjuaji wa marudio anayetumia sayanaidi anahitaji hilo: tenki likivuja, dhahabu iliyoyeyuka hupotea na sumu hufuata visima vya majirani.

Mkoa unajua gharama ya ukuta kushindwa. Novemba 7, 2022, bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba. Halikuwa tenki la sayanaidi, lakini hasara ilivuka mpaka wa mgodi.

Hata hivyo, mwekezaji asikimbilie. Pumba zinazochomwa kwenye lundo huacha majivu meusi yenye kaboni, yanayonywa maji mengi. Moto ukizidi nyuzi 700 kwa muda mrefu, silika hupoteza nguvu ya kushikana na chokaa. Mtaji mkubwa basi ni tanuri na kinu, si pumba. Tenki la sumu nalo bado lahitaji tandiko la plastiki, mhandisi na kibali cha mazingira.

Ushauri wetu: kabla ya kununua kinu, peleka majivu maabara, kisha pima vipande vya zege vya siku 28. Bila matokeo hayo usipokee oda ya tenki. Anza na matofali ya kujengea.