Vitafunwa Viko Wapi?

Kijiwe cha boda, Nyantakara, saa moja asubuhi. Mshikaji mmoja kashusha stendi, helmeti hajavua, ashaanza kumwaga stori: jana usiku kabeba abiria wa suti kutoka Lusahunga. Jamaa kafika, kachomoa misimbazi kumi, kasema chenji weka mafuta. Laki nzima, mwanangu! Kijiwe kimya. Dogo mmoja aliyekuwa anafuta saitimira, bila hata kuinua macho, akauliza, "Vitafunwa viko wapi?"

Kikanuka. Vicheko mpaka mama ntilie wa jirani akachungulia.

Kama hujapita mtaani siku nyingi, nikusanue. Bongo, stori ya kutunga ni chai. Ukiulizwa chapati ziko wapi, au ukiambiwa upunguze sukari, ujue hujaaminiwa hata robo. Masela waliotutangulia walisema kamba, wengine fiksi, na bado yapo. Ila chai imewazidi kwa sababu inakaa na stori benchi moja: ya moto, tamu, inapoza muda, halafu tumboni haikai. Cha kuchekesha, huku Kagera ni kwa wazee wa kahawa, lakini uongo tumeubebesha chai. Na ukivuka kwenda Nairobi kaa kwa akili, maana kule trafiki akikuomba chai hataki stori, anataka mkwanja.

Wazungu nao wana lao. Wanasema neno la mashaka lipokee na chembe ya chumvi. Hadithi yake wanaivuta mpaka Roma, kwa mwandishi Pliny, karne ya kwanza. Aliandika kwamba jenerali Pompey alipompiga mfalme Mithridates, aliikuta dawa yake ya kuzuia sumu: kokwa mbili kavu za jozi, tini mbili, majani 20 ya mmea mchungu, twanga, tia chembe ya chumvi.

Sisi tunao usemi alioupaisha rais mstaafu Jakaya Kikwete: akili za kuambiwa, changanya na zako. Sasa cheki vizuri. Chumvi inatiwa, akili inachanganywa. Hakuna aliyekuambia umwage. Chai ndiyo inamwaga. Ukishasema "chai" mjadala umekufa, unacheka, unawasha pikipiki.

Na huku kwetu kumwaga kuna gharama. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani likasema Biharamulo kuna watu wanaohisiwa kuwa na virusi vya Marburg. Kesho yake Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazijaonyesha kitu. Hapo unadhani kijiwe kinasemaje? Kila mtu na kikombe chake. Januari 20, Rais Samia akiwa Dodoma, bosi wa shirika hilo Tedros pembeni yake, akathibitisha: Marburg ipo, Biharamulo. Hadi ilipotangazwa kwisha Machi 13, hesabu ilikuwa watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote kumi wamefariki. Aliyenawa mikono tangu ile siku ya kwanza, huku akisubiri majibu, ndiye aliyechanganya na zake.

Kumeza kila kitu nako ni noma zaidi. Wazee wa Ngara watakuhadithia Aprili 1994, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakivuka daraja la Rusumo. Ng'ambo kule Rwanda redio ya RTLM ilikuwa imewajaza watu chuki, na waliomeza wakashika mapanga. Mwaka uliofuata, Ngara ikapata redio yake kwa ajili ya wakimbizi: Radio Kwizera. Kwizera maana yake kuamini. Kati ya watu walioponzwa na redio, mtu akathubutu kuipa redio jina hilo.

Siku hizi chai inaingia kwa simu. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hujui hela gani, hujui nani, ila ada ya mdogo wako kweli unadaiwa, mkono unaanza kuwasha. Tulia. Mpigie mwenye deni kwa namba yake unayoijua. Ikiwa meseji ni ya matapeli, isogeze kwenda 15040, namba ya kuwaripoti, kisha rudi kazini.

Turudi kijiweni. Vicheko vilipokata, yule dogo kaweka kitambaa begani, kaiendea pikipiki ya mshikaji, kafungua mfuniko wa tangi, kainama. Pale kijiweni kwetu hakuna anayejaza. Tunaweka ya buku tano, siku ikiwa nzuri ya kumi. Katikisa pikipiki kidogo, kasikiliza.

"Laki sijaikubali," kasema, anafunga mfuniko. "Ila tangi limejaa."

Tukasogea kumsikiliza mshikaji tena, kuanzia Lusahunga.