Nani alitunga Missa Luba?



Leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya kutafuta kazi kwenye migodi. Nataka tuzungumze juu ya muziki uliotoka hapa kwetu Katanga, ukazunguka dunia, na mpaka leo ukiuliza nani aliutunga, unapewa jibu lisilotosha. Muziki huo unaitwa Missa Luba.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Missa Luba ni misa ya Kikatoliki yenye sehemu zake zinazoimbwa: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus pamoja na Benedictus, na Agnus Dei. Maneno yake ni ya Kilatini, yale yale ya misa ya Roma. Lakini sauti, mapigo ya ngoma na namna ya kuitikiana ni ya Baluba na ya majirani wao wa Kasai. Iliimbwa katika misa kwa mara ya kwanza kwenye misheni ya Kamina, tarehe 23 Machi 1958.

Sisi wa Fungurume, Kamina si nchi ya ugeni. Hapo Tenke, kwa jirani zetu, reli inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Kolwezi mpaka Dilolo, mkono mwingine unapanda kaskazini mpaka Kamina. Anayesema Kisanga akisikia Kiluba anashika maneno mengi. Kwa hiyo hii habari ni ya nyumbani.

Sasa ilizaliwaje? Kulikuwa na padri Mbelgiji, Mfransisko, jina lake Guido Haazen. Alifika Kamina katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Mwaka 1954 aliunda kundi la waimbaji: watoto wanaume kama 45, wenye miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu wao 15 wa Shule ya Kati ya Kamina. Kundi likapewa jina la mfalme wa Ubelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin.

Kumbukeni wakati wenyewe. Katika misheni nyingi za siku zile ngoma ilikuwa inabaki nje ya mlango wa kanisa. Ndani waliimba nyimbo za Kigregori au zile zilizoletwa na wazungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulianza mwaka 1962, na njo mwishoni mwa 1963 maaskofu walipitisha hati iliyofungulia mlango lugha na muziki wa kila taifa katika liturjia. Kamina walitangulia kwa zaidi ya miaka mitano.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Haazen hakukaa mezani na kalamu, akaandika noti, akawagawia watoto. Waimbaji walichukua maneno ya Kilatini na kuyatia ndani ya nyimbo walizozijua tangu nyumbani. Mmoja anatanguliza, wengine wanaitikia, ngoma zinaingia, na kila sauti inatafuta nafasi yake. Walirudia mara nyingi mpaka umbo likakaa. Hata hivyo si kila kitu kilifungwa: mapambo ya sauti na mipigo mingine yalizaliwa palepale wakati wa kuimba. Hata maelezo yaliyotoka pamoja na diski yao yalikubali kwamba hakukuwa na noti iliyoandikwa. Zile karatasi za noti ambazo makorali ya Ulaya na Marekani wanashika leo zilikuja nyuma.

Musikilize sehemu moja moja, mutaona kwamba hawakuchagua ovyo. Kyrie ni kuomba huruma: wakaiweka katika sauti ya kasala, ule wimbo wa Baluba unaosikika kwenye kilio. Sanctus wakaiimba kwa namna ya wimbo wa kuagana, polepole, kama mtu anayesimama njiani hataki kugeuka. Ikifika Hosanna, wanaingiza mapigo ya mchezo wa Kasai, na hapo hata asiyejua Kilatini anaelewa kwamba ni furaha. Kuchagua kilio kwa kuomba huruma, na mchezo kwa kusifu, ile njo kazi ya mtungaji. Hakuna kazi nyingine ya mtungaji kubwa kuliko hiyo.

Mwaka uleule wa 1958 walipelekwa Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na wakafika kwenye Maonyesho makubwa ya Dunia huko Bruxelles. Katika maonyesho hayohayo, Wabelgiji walikuwa wamejenga kijiji cha Wakongo, watu wanakaa mle wakitengeneza vitu vya mikono huku wageni wanawatazama. Wageni wengine waliwadharau mpaka wale Wakongo wakaondoka mbele maonyesho hayajaisha. Mufikirie: mji mmoja, mwaka mmoja, Wakongo wamoja wanapigiwa makofi, wengine wanatazamwa kama nyama wa porini.

Kampuni ya Philips ikatoa diski yao. Kutoka pale muziki ukatembea peke yake. Mwaka 1964 Pasolini, mtengeneza filamu wa Italia, alitia Gloria yao katika filamu yake juu ya Injili ya Mathayo. Mwaka 1968 Lindsay Anderson wa Uingereza alitumia Sanctus katika filamu If...., juu ya wanafunzi wanaoasi katika shule yao. Vijana wa London ambao hawakuweza kuonyesha Kamina kwenye ramani wakatafuta diski ile madukani.

Sasa turudi kwa swali letu. Ukitafuta Missa Luba, jina utakaloliona ni Guido Haazen. Sitaki kumnyima haki yake. Alikusanya watoto, alifungulia ngoma mlango wa kanisa wakati wengine walikuwa wanaufunga, na alipanga kazi mpaka ikakamilika. Lakini kupanga ni kitu kimoja na kutoa sauti ni kingine. Upande wa waimbaji, jina linalojulikana ni la mwalimu Joachim Ngoi, yule mwenye sauti inayotanguliza. Wengine wamebaki hesabu: watoto 45, walimu 15.

Mutu anaweza kuniambia: "Lakini siku zile Mwafrika hakuwa anaitwaka mtungaji." Hapana. Katanga hiihii kulikuwa na Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, mwalimu wa muziki kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Yeye alitunga misa inayoitwa Missa Katanga. Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, na njo yeye aliyetunga wimbo wa taifa La Katangaise. Alikufa mwaka 1961. Mtu anaweza kupenda siasa yake au kuikataa, lakini kazi yake hakuna anayemnyang'anya. Kwa sababu gani? Kiwele alijua noti, aliandika, akatia jina. Wale wa Kamina walifanya kazi kwa masikio na kwa kinywa. Dunia ya haki za watungaji ilimuona aliye na karatasi, haikuona aliye na sauti.

Mimi nilisoma agronomia, nina lisansi ya mashamba na si ya muziki. Lakini hii hadithi naijua vizuri sana kutoka shambani. Mama anachagua maharagwe kila mwaka: haya yanavumilia mvua nyingi, haya yanaiva mbio, haya yana ladha. Mama yake alifanya vile, na bibi yake pia. Siku moja mtaalamu anapita, anachukua kilo moja, anaipeleka kwenye kituo cha utafiti, anaisafisha, anaipa namba. Kazi ya mtaalamu ni ya kweli, nami ni mmoja wao. Lakini ile mbegu ilikwisha kutengenezwa miaka mingi mbele hajashuka kwenye pikipiki yake. Katika vijiji fulani upande wetu, ukiuliza jina la maharagwe, mama anakujibu: "Hii ni ya mama mukwe wangu, njo alileta." Kijijini jina halikupotea. Linapotea siku tunapojaza fomu.

Na kuna kitu kimoja kinachoniuma zaidi. Kasala, ule wimbo walioutia katika Kyrie, kazi yake ni nini? Ni kutaja majina. Anayeimba kasala anamwita marehemu kwa jina, anaita baba zake, ukoo wake, matendo yake, ili asipotee. Mwanamke Mkongo, Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi na mtaalamu wa lugha, alisomea kasala na mwaka 1974 akatoa kitabu juu yake. Kwa hiyo watu wa Kamina walipeleka duniani sanaa ya kutaja majina, na majina yao wenyewe hayakutajwa.

Sasa sisi wenye diploma tufanye nini? Kulalamika juu ya Wabelgiji ni rahisi, lakini hakutarudisha jina hata moja. Hesabu ni hii: mtoto aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 alizaliwa 1949. Aliyekuwa na 14 alizaliwa 1944. Walio hai wamekuwa wazee sana. Wamoja huenda wako Kamina, wengine Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, kwa watoto na wajukuu. Pengine mmoja anakaa kwenye kiti nyuma ya nyumba yenu, na kila mtu anajua tu kwamba "muzee aliimbaka zamani."

Kila mmoja wetu ana telefone inayoshika sauti. Ukiwa na jamaa Kamina, uliza. Ukimpata muzee au mtoto wake, mpe salamu kwanza, ukae chini, usiharakishe. Muulize alisoma wapi, mwalimu wake aliitwa nani, nani alikuwa anapiga ngoma, nani alianza kuimba Sanctus vile. Akikubali, andika jina, mwaka na kijiji. Asipopenda kutajwa, muheshimu.

Na korali zenu pia. Hapa Fungurume kila parokia ina mtu mmoja anayeleta wimbo mpya, wote wanaushika, na nyuma ya miaka miwili hakuna anayekumbuka ulitoka wapi. Fungueni daftari: jina la wimbo, jina la aliyeuleta, tarehe. Ni mistari mitatu, na haiombi makuta.

Nawe, unamjua nani wa kuandikwa? Anza na mmoja, umtaje hapa chini kama mwenyewe amekubali.